Sekunde Tatu za Deiwaka

Chukua nyimbo kumi za Bongo Fleva zilizotoka katika miaka ishirini iliyopita, uzisikilize kuanzia sekunde ya kwanza kabisa. Katika nyingi kati ya hizo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, utasikia jina la mtu mwingine. Pengine analitamka mwenyewe kwa sauti nzito iliyopitishwa kwenye mwangwi. Pengine linatamkwa na mtoto, au na mwanamke anayecheka, au linakatwakatwa hadi likawa sehemu ya ngoma. Halizidi sekunde tatu. Biti inaingia, mwimbaji anaingia, na jina lile tunalisahau mpaka wimbo mwingine uanze.

Maprodyuza wenyewe wanaliita tagi. Mimi nitaliita saini, kwa sababu nataka tulisome kama tunavyosoma maandishi. Katika madarasa ya fasihi tumejadili sana mashairi ya Bongo Fleva: sitiari zake, mafumbo yake, lugha yake ya mtaani, siasa zilizofichwa kwenye kiitikio. Saini ya prodyuza tunairuka, kama tunavyoruka ule ukurasa wa kitabu wenye jina la mpiga chapa. Tunaiona pambo, au majivuno ya kijana aliyepata maikrofoni.

Nadhani ni zaidi ya hapo. Saini ile ni hati fupi kuliko zote katika biashara ya muziki wetu. Inasema, "Nilikuwepo." Lakini haisemi, "Hii ni yangu." Maisha ya prodyuza anayejiajiri yanajengwa katikati ya sentensi hizo mbili, na wengi wanakwama hapohapo.

Jiji la Dar es Salaam lina neno zuri la kazi ya namna hii. Deiwaka ni yule anayeshika usukani au mlango wa daladala kwa siku moja, wakati dereva au konda mwenyewe amepumzika. Gari si lake, ruti si yake, hesabu ya jioni si yake. Anachomiliki ni kujulikana: watu wa kijiweni wanajua kwamba huyu anaendesha vizuri na hesabu yake haina kona. Kesho akiitwa, ameitwa kwa sababu ya jina. Prodyuza asiye na studio yake, asiyeajiriwa na lebo, anayebeba kompyuta mpakato na hedifoni kwenye begi la mgongoni, ni deiwaka wa sauti. Na sekunde tatu zile ndizo anazotumia kujulikana kijiweni.

*

Saini haikuwepo siku zote. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi za dansi zilirekodi kwenye studio za serikali, na kilichotoka kilikuwa mali ya maktaba ya redio. Waimbaji walikuwa na desturi ya kuwataja wenzao ndani ya wimbo: gitaa la solo likipamba moto, mwimbaji anamwita mpigaji kwa jina, na msikilizaji wa Tabora au Lindi anajua nani anakung'uta nyuzi zile. Ulikuwa ukarimu, na ulikuwa pia tangazo la kazi, kwa sababu wapiga magitaa walihamahama kutoka bendi moja hadi nyingine na bendi zilinyang'anyana wanamuziki. Lakini aliyekaa nyuma ya kioo, fundi mitambo aliyeamua maikrofoni iwekwe wapi na tarumbeta isogee nyuma hatua ngapi, hakuitwa. Alikuwa mtumishi wa umma. Alikuwa na mshahara, kwa hiyo hakuhitaji jina lake lisikike.

Hapo ndipo historia ya saini inapoanzia, kwenye mshahara uliokosekana. Redio binafsi zilipofunguliwa, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, muziki wa vijana ulipata pa kupigwa. Zikaja studio ndogo za watu binafsi: MJ Records ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani, na nyingine ambazo Miikka Mwamba, Mfini aliyejulikana kwa jina la Kiswahili, alifanyia kazi. Kwa mara ya kwanza aliyekaa nyuma ya kioo hakulipwa na serikali. Alilipwa na kijana aliyechangisha nauli na akiba ili aingize sauti, au na mfadhili wa kijana huyo. Kazi ya kesho ilitegemea sifa ya kazi ya leo.

Sifa hiyo ingesafiri vipi? Jalada la kanda lilikuwa na nafasi ya majina, lakini kanda nyingi zilizozunguka mitaani zilikuwa za kurudufu. Ukirudufu kanda, sauti inahama na karatasi inabaki. Jina lililoandikwa linaachwa nyuma. Jina lililotamkwa haliachwi, kwa sababu limechanganywa na ngoma. Ilipofika zama za faili za MP3, mambo yalikuwa hivyohivyo kwa sura mpya: wimbo ulipita simu hadi simu kwa Bluetooth, jina la faili likawa na jina la msanii, jina la wimbo, na mara nyingi jina la blogu iliyoupakia. Blogu iliandikwa. Prodyuza hakuandikwa. Ila alikuwa amekwisha kujisemea mwenyewe, sekunde ya pili.

Kwa hiyo mtu akiniambia maprodyuza wa Bongo wanapenda sifa, namwuliza angeweka jina lake wapi pengine.

*

Tunaosoma fasihi ya Kiswahili tunapaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Mwana Kupona binti Mshamu anapoanza utenzi wake wa mwaka 1858 anamwita binti yake asogee na wino na karatasi. Anapoumaliza anataja jina lake, mahali alipozaliwa, Pate, na mwaka kwa hesabu ya Hijria, 1275. Tumefundishwa kwamba huo ni mtindo wa tenzi: kufungua kwa vifaa vya kuandikia na kufunga kwa jina na tarehe. Ni nadra kuulizwa mtindo huo ulifanya kazi gani. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukaimbwa, ukakaririwa, ukavuka bahari ukiwa kichwani mwa mtu. Karatasi ya nje ingepotea. Jina lililofungwa ndani ya vina halikupotea, kwa sababu ukiliondoa ubeti unavunjika.

Kuna mtu mwingine katika hadithi hiyo ambaye tunamkumbuka kidogo zaidi: mnakili. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyefariki katika miaka ya 1940. Alikuwa mshairi, mchongaji wa milango, mpiga gambusi, na mwandishi wa hati nzuri. Wataalamu wa Ulaya waliotaka miswada ya Kiswahili, kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walifanya kazi naye. Akichonga huku, akinakili kule, akipiga ala pengine. Ukimweka leo Sinza ungemwita mtu wa dili nyingi. Tenzi kadhaa tunazozisoma kama za mshairi fulani zimetufikia kwa sababu mkono wa mnakili kama yeye ulikaa juu ya karatasi kwa siku nyingi. Wanakili nao walikuwa na desturi yao: mwishoni kabisa, baada ya mshairi kumaliza, waliweka majina yao. Mstari mmoja tu. Nilikuwepo.

Prodyuza wa Bongo ni mtunzi na mnakili kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu wake wa kimaandishi ulipo. Anatunga mdundo, melodia ya kinanda, pengine hata kiitikio ambacho mwimbaji aliingia studio hana. Hiyo ni kazi ya mshairi. Kisha anarekodi, anasafisha, anapanga sauti, anamiksi, anamasta. Hiyo ni kazi ya mnakili. Saini yake haisemi ipi kati ya hizo ameifanya leo. Inataja jina peke yake.

*

Sheria nayo haimsaidii sana, kwa sababu ya neno moja. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaohusu haki za wasanii, watayarishaji wa rekodi za sauti na mashirika ya utangazaji, unamtambua mtayarishaji wa rekodi kuwa ni mtu au taasisi iliyonasa sauti kwa mara ya kwanza. Mkataba wa baadaye wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, wa mwaka 1996, unamtambua kuwa ni yule aliyechukua hatua ya kwanza na kubeba wajibu wa kunasa huko. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ya kuisimamia. Vifaa vya kisheria vipo.

Lakini mwulize mtu mtaani, "Nani prodyuza wa ngoma hii?" Atakutajia aliyegonga biti. Mwulize mwanasheria nani ni mtayarishaji wa rekodi, atakuuliza nani aliyegharimia na kusimamia kurekodi. Katika studio yenye mmiliki, mashine, mfadhili, meneja na kijana wa kazi za kuitwa, majibu hayo mawili yanaweza kuangukia watu wawili tofauti. Kijana anajiita prodyuza, kila mtu anamwita prodyuza, saini yake inasema prodyuza ni yeye, na kwa macho ya mkataba anaweza asiwe mtayarishaji wa chochote. Hoja yake nzuri zaidi ingekuwa kudai kwamba yeye ni mtunzi wa muziki, kwa kuwa mdundo na melodia ni utunzi. Ni wachache wanaodai hivyo, kwa sababu mtaani neno mtunzi tumempa aliyeandika maneno.

Yaani lugha yetu yenyewe imeshampokonya sehemu ya mali yake kabla meneja hajafika.

*

Nayasema haya nikiwa na maslahi. Mchana nasoma shahada ya uzamili, jioni nafanya kazi za sauti ili ada ilipike. Sina wimbo unaojulikana na sina saini mnayoifahamu. Nataka nieleze kazi hiyo inavyokuwa, kwa sababu insha nyingi kuhusu vijana na muziki huishia kwenye video na mavazi.

Nyingi ya kazi zinazonilipa haziruhusu jina. Tangazo la duka la simu la sekunde thelathini. Mafunzo ya sauti kwa ajili ya wahudumu wa afya, ambapo natumia siku mbili kuondoa mlio wa feni uliorekodiwa pamoja na sauti ya mwalimu. Kipindi cha podikasti cha watu wawili, mmoja kakaa karibu na maikrofoni na mwingine kana kwamba yuko chumba cha pili. Kwaya ya kanisa yenye nyimbo nane, ambapo sauti ya kwanza wako kumi na wawili na besi wako watatu, na mwalimu wa kwaya anataka besi wasikike kama kumi. Huyo mwalimu ananiita "mwanangu", ananiletea chai, na analipa siku aliyosema atalipa. Siwezi kufungua wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa kulitaja jina langu, na wala sitamani. Kwaya ile ndiyo imenilipia muhula mzima.

Mwaka jana kampuni moja iliniagiza biti kwa ajili ya tangazo. Niliandika makubaliano ya ukurasa mmoja yakitaja tangazo moja, bei na muda. Waliyasaini. Biti ilitakiwa iwe safi, bila jina, na hilo lilikuwa sawa kwa tangazo. Baada ya miezi michache niliisikia kwenye matangazo mengine mawili ambayo hatukuyazungumzia, moja wameliongezea kinanda kisichokuwa kwenye ufunguo wa wimbo. Nilipopiga simu, jibu lilikuja kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, si tulishakulipa?"

Nimelifikiria sana jibu lile kama mhakiki. Halikuwa na hila, na ninaamini aliyelitoa aliamini anachosema. Kwake yeye alinunua kazi ya siku, kama anavyomlipa deiwaka. Kwangu mimi niliuza matumizi ya kitu ambacho bado ni changu. Karatasi ilikuwa upande wangu, na hata hivyo hatukuwa tukizungumza kuhusu kitu kimoja. Kingekuwepo jina ndani ya biti, lingesema nilikuwepo, na yeye asingebisha. Hakuna aliyewahi kubisha kwamba nilikuwepo.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri ambao vijana wanapewa kwenye warsha za ujasiriamali: jenge jina, pesa itakuja. Katika kazi hii jina na pesa mara nyingi hupanda mabasi tofauti. Wimbo wa msanii chipukizi unakupa sekunde tatu za kutajwa na malipo ya kubembelezana. Tangazo na mafunzo vinakupa kodi ya chumba na kimya. Anayedumu ni yule anayejua wiki hii yuko kwenye basi lipi, na asiyetoza bei ya jina mahali ambapo hakuna jina, wala kukubali kulipwa jina mahali ambapo panahitajika pesa.

*

Wale tunaowataja kwa majina walitokaje hapo? Ukiwaangalia vizuri, utaona walioinuka walipata njia ya kuacha udeiwaka. Master J na P-Funk walimiliki studio: saini zao zilikuwa pia majina ya milango ambayo msanii alilazimika kuibisha. Laizer alijulikana akiwa ndani ya Wasafi, ambako lebo, msanii na prodyuza wanakaa chini ya paa moja. Nahreel alivuka kioo kabisa. Akiwa na Aika waliunda Navy Kenzo, na yeye akahama kutoka sekunde tatu za mwanzo hadi kwenye kundi lenyewe. S2kizzy yuko nyuma ya "Tetema" ya Rayvanny na Diamond Platnumz ya mwaka 2019, na tangu hapo jina lake lilianza kutajwa na wasikilizaji kama sababu ya kuusubiri wimbo.

Mfano unaonigusa zaidi umetoka kwenye singeli. Studio ya Sisso, Mburahati, imetengeneza muziki wa kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika, kwa vifaa ambavyo mwanafunzi yeyote wa chuo angeweza kuwa navyo. Mtaani, kwenye vigodoro na kwenye daladala, mwenye wimbo ni anayeghani, na aliyegonga biti hupata saini yake kama kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso". Ikafuata "Poaa" ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta na "Uingizaji Hewa" ya Duke mwaka 2019. Tazama majalada hayo. Jina lililo juu ni la prodyuza. Vijana walewale ambao nyumbani wanasikika sekunde tatu, kwenye jalada la Kampala ndio wasanii, na wanaoghani wamekuwa wageni waalikwa.

Muziki haukubadilika njiani kati ya Mburahati na Kampala. Kilichobadilika ni desturi ya kusikiliza. Wasikilizaji wa muziki wa kielektroniki huko Ulaya, ambao ndio waliozipokea santuri hizo, wamezoea kumhesabu aliyegonga biti kuwa mtunzi. Sisi tumezoea kumhesabu mwenye maneno, na tuna sababu nzuri: utamaduni wetu wa ushairi ni mkubwa na masikio yetu yamefunzwa kufuata beti. Sidai kwamba desturi ya wageni ni bora. Inamsahau anayeghani kama yetu inavyomsahau anayegonga. Ila mfano huo unathibitisha kwamba swali la nani ni msanii halijibiwi na kompyuta iliyotumika wala saa zilizokeshwa. Linajibiwa na wasikilizaji, na kabla yao, na wanaoandika kuhusu muziki.

*

Kuna watakaosema tatizo limekwisha, kwa kuwa sasa muziki uko mtandaoni na kila kitu kinaandikwa. Spotify ilianza kuonyesha majina ya watunzi na maprodyuza mwaka 2018, na ikafunguliwa Tanzania mwaka 2021. Kila rekodi inayosambazwa kwa njia rasmi hupewa msimbo wa ISRC wa herufi na tarakimu kumi na mbili, unaoitambulisha popote inapochezwa. Ni hatua nzuri. Lakini msimbo ule unaitambulisha rekodi tu: haubebi ndani yake jina la aliyegonga biti. Majina yanajazwa kwenye fomu ya msambazaji, na fomu inajazwa na anayepakia wimbo: msanii, meneja, au rafiki wa meneja usiku wa manane wakati wimbo unasubiriwa. Akiruka kisanduku, hakuna kengele inayolia. Deiwaka hayupo chumbani fomu inapojazwa. Yupo kwenye kazi nyingine.

Kwa hiyo saini ya sauti inaendelea kufanya kazi ambayo fomu ilipaswa kuifanya. Na kwa kuwa ni kazi ya kisanaa pia, inastahili kuhakikiwa. Saini nyingi ni mbaya. Zimebandikwa kama stika kwenye kioo cha daladala, kwa sauti isiyo kwenye ufunguo wa wimbo, mara tatu katika dakika moja, hadi zinakanyaga mwanzo wa ubeti. Prodyuza wa namna hiyo hauamini mdundo wake. Saini nzuri inasikiliza kabla ya kusema: inakaa kwenye nafasi tupu kabla ya ngoma ya kwanza, inachukua mwangwi wa chumba kilekile ambamo mwimbaji ataingia, inakuwa pumzi ya kwanza ya wimbo. Kipimo ninachokitumia ni kuikata nione. Wimbo ukibaki uleule, ile ilikuwa stika. Ukihisi umeanza umechelewa, kama utenzi uliokatwa ubeti wa wino na karatasi, basi aliyeiweka alikuwa anatunga.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya maprodyuza wa nchi hii wametunga vizuri sana katika sekunde tatu, na sisi tunaohakiki hatujawalipa hata kwa sentensi moja.

Hatuna uwezo wa kuwalipa pesa. Tuna kitu kidogo tunachokidhibiti. Tunapotaja riwaya katika makala tunaandika mwandishi, mchapishaji na mwaka, na mwalimu anaturudishia kazi tukiruka kimoja. Tunapotaja wimbo tunaandika msanii na jina la wimbo, basi, na hakuna anayetukata alama. Tuanze kuandika pia nani aligonga biti, nani alimiksi, studio gani, mwaka gani. Mara nyingi jibu la swali la kwanza limo ndani ya wimbo wenyewe, limetamkwa waziwazi, na tunachotakiwa ni kutosogeza mbele. Pale lisipokuwemo, itabidi kupiga simu mbili tatu, na kijana fulani atashangaa kuulizwa.

Tukifanya hivyo kwa miaka kumi, mtu atakayefungua kesi au atakayedai nyongeza ya malipo atakuwa na kitu cha kuweka mezani kilichoandikwa na mtu asiye na maslahi. Hakitakuwa hati ya kumiliki. Kitakuwa ushahidi kwamba alikuwepo, pamoja na maelezo ya alichokifanya alipokuwepo, na hayo maelezo ndiyo sekunde tatu hazikuwahi kuwa na nafasi ya kuyasema.